Alilijuaje Jina Langu? Historia ya Barua za Kampeni

Mwezi Desemba mwaka 2020, nikiwa nimeinamia rundo la insha za wanafunzi, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe mfupi kutoka kwa mgombea wa udiwani katika mji wetu. Ulinisalimu kwa heshima, ukaniomba kura, ukaniahidi maji ya bomba. Hayo ni ya kawaida. Lililonishtua ni mwanzo wake: ulinitaja kwa majina yangu yote matatu, kwa mfuatano uleule ulio katika kitambulisho changu cha taifa, likiwemo jina la babu yangu ambalo hata walimu wenzangu hawalijui. Wakati huo Uganda ilikuwa katika zile zilizoitwa kampeni za kisayansi. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Tume ya Uchaguzi ilikuwa imezuia mikutano mikubwa ya hadhara, na wagombea walilazimika kuwafikia wananchi kwa redio, televisheni na simu.

Shule zilipofunguliwa niliupeleka ujumbe ule darasani, maana tulikuwa tumefika kwenye mada ya uandishi wa barua. Nilitaka wanafunzi wauchambue: salamu, kiini, hitimisho, sahihi. Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha hakujishughulisha na salamu wala sahihi. Aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, alilijuaje jina lako?"

Siku ile nilijibu kwa mzaha, kisha nikaendelea na somo. Lakini swali lilinifuata nyumbani, na limenifanya nisome mengi ambayo sikukusudia kuyasoma. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Wengi wetu hudhani kuwa barua nzuri ya kampeni ni kazi ya kalamu. Nami kama mwalimu wa lugha ningependa iwe hivyo. Hata hivyo, kila nilipofuatilia barua iliyofanikiwa, nyuma yake nilikuta orodha ya majina. Aliyeiandika orodha hiyo ni nani, imewajumuisha akina nani, na inajua nini juu yao: hayo ndiyo yaliyoamua mambo kabla mtu hajachovya kalamu katika wino. Ili tulione hilo vizuri, tuanze mbali kidogo, katika jimbo la Illinois, Marekani.

Abraham Lincoln, kabla dunia haijamfahamu, alikuwa mkuu wa posta. Tangu Mei 1833 hadi 1836 alisimamia posta ya kijiji cha New Salem. Ilikuwa posta ndogo mno, kiasi kwamba husimuliwa alizibeba barua ndani ya kofia yake, akampa kila mtu ya kwake walipokutana njiani. Katika zama hizo aliyelipia barua kwa kawaida alikuwa mpokeaji, si mtumaji. Tafakarini maana yake kwa mgombea. Ukimwandikia mtu usiyemjua kumwomba kura, unamdai pesa ili asome maombi yako. Angeikataa barua mlangoni, na huenda angekunyima na kura yenyewe.

Miaka michache baadaye Lincoln alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo na mmoja wa viongozi wa chama cha Whig, kilichotaka William Henry Harrison amwondoe Rais Martin Van Buren madarakani. Januari 1840 yeye na wenzake wa kamati walituma waraka wa siri kwa wanachama wao katika kaunti za Illinois. Waraka uliagiza kila kaunti igawanywe katika maeneo madogo, na kila eneo liwe na kamati yake. Kamati hiyo iandike orodha kamili ya wapigakura wote na ihakikishe kila mmoja atampigia nani. Wenye mashaka waangaliwe daima. Mara kwa mara wazungumzishwe na watu wanaowaamini kuliko wengine wote, kisha watiwe mikononi maandishi ya kuwaelimisha na kuwavuta. Siku ya uchaguzi, kila mwanachama wa Whig afikishwe kituoni.

Linalonistaajabisha katika waraka huo ni mahali ulipoiweka karatasi. Imekuja mwishoni. Kwanza orodha, kisha uchambuzi wa orodha, kisha rafiki wa kuaminika anayekuja kuketi nawe kibarazani, halafu ndipo karatasi inatolewa mfukoni. Maandishi hayakutumwa kwa kila mtu. Walioyahitaji ni wale wenye mashaka tu, kwa kuwa aliyekwisha kuamua hahitaji kushawishiwa, na adui wa dhahiri ni kumpotezea karatasi.

Mtauliza, kamati ilijuaje mtu atampigia nani? Katika Illinois ya wakati ule watu walipiga kura kwa sauti. Mtu alisimama mbele ya makarani, akataja jina la mgombea wake, nao wakaliandika daftarini. Aliyetaka kujua jirani yake alimpigia nani mwaka uliopita alikwenda akasoma daftari. Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1988 hawahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa walipanga foleni nyuma ya wagombea wa KANU katika mchujo ambao umebaki na jina la mlolongo. Nasi Waganda tulipanga mstari nyuma ya wagombea wa uenyekiti wa kijiji, LC1, mwezi Julai 2018. Mimi mwenyewe nilisimama katika mstari huo, na hadi leo yupo jirani ambaye salamu zake kwangu zimefupika.

Neno kura, wanafunzi wangu, tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni bahati nasibu. Ndiyo sababu bado tunasema kupiga kura hata pale watoto wanapoamua nani aanze kucheza. Lincoln hakukusudia kuachia bahati kitu chochote. Pamoja na hayo, Illinois ilikwenda kwa Van Buren. Harrison alishinda nchi, akashindwa katika jimbo la mtu aliyemwandalia orodha nzuri kiasi kile. Nalitaja hili mapema ili pasiwe na anayedhani kuwa orodha ni hirizi.

Mwaka huohuo wa 1840 jambo lingine lilitokea ng'ambo ya Atlantiki. Uingereza, kwa kufuata mapendekezo ya Rowland Hill, ilianzisha bei moja ya barua kwa nchi nzima, yaani peni moja, na mwezi Mei stempu nyeusi yenye kichwa cha Malkia Victoria ikaanza kutumika. Mzigo wa malipo ukahamia kwa mtumaji. Marekani ilifuata mkondo huo: kufikia 1855 kulipia barua kabla ya kuituma kulikuwa sharti, mwaka 1863 matarishi wakaanza kuzipeleka hadi majumbani katika miji mikubwa, na mwaka 1896 huduma hiyo ikaanza kuenea vijijini. Sasa mgombea mwenye fedha angeweza kuingia katika kila nyumba bila kubisha hodi.

Waingereza walikwenda mbele zaidi. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1918, ileile iliyowapa haki ya kupiga kura wanawake wengi wenye umri wa miaka 30 na zaidi, ilimruhusu kila mgombea wa ubunge kumpelekea kila mpigakura barua moja bila kulipa ada ya posta. Haki hiyo ipo hadi leo. Tajiri na maskini, mbele ya posta, wakawa sawa kwa bahasha moja. Mimi naiona kuwa mojawapo ya sheria zenye busara kubwa katika historia ya uchaguzi, ingawa haitajwi sana vitabuni. Ilikuwa na pengo moja tu: wagombea wa udiwani hawakupewa. Diwani mtarajiwa alibaki na miguu yake, na kwa hiyo tunafika Liverpool.

Katika miaka ya 1960 chama cha Liberal kilikuwa karibu kufa katika jiji hilo. Mwaka 1962 Cyril Carr alipata kiti cha udiwani katika kata ya Church, na baadaye alijiunga naye mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Trevor Jones. Hawakuwa na fedha za kushindana na vyama viwili vikubwa. Walichokuwa nacho ni mashine ya kuchapia na subira. Walichapa karatasi ya habari iliyoitwa Focus, wakaipenyeza katika milango ya mtaa kwa mtaa. Ndani yake hapakuwa na itikadi. Palikuwa na habari za bamba la njia ya miguu lililovunjika, taa ya barabarani isiyowaka, taka zisizozolewa. Nani ameandikiwa kuhusu jambo hilo, na amejibu nini.

Wapinzani wao waliwacheka, wakaziita siasa za njia ya miguu. Kicheko hicho kiliwagharimu. Msomaji wa Focus hakuhitaji kuamini ahadi yoyote. Aliweza kutoka nje, akatazama bamba lile, akaona kama limetengenezwa au la. Tena karatasi haikuja wakati wa uchaguzi peke yake. Ilikuja mwaka mzima, hivyo hata siku ya kuomba kura ilipofika aliyeomba hakuwa mgeni. Waswahili husema asiyekujua hakuthamini. Focus ilimfanya mkazi ahisi kuwa anajulikana.

Mara nyingi karatasi za namna hiyo zilimwachia mkazi nafasi ya kuandika malalamiko yake na kuyarudisha. Hapo ndipo penye ufundi. Mama aliyeandika kuwa bomba la maji machafu linavuja nyuma ya nyumba yake alikuwa ameomba msaada, na papo hapo alikuwa ameingia katika orodha: jina lake, anwani yake na jambo linalomuudhi. Barua ya pili ilipokuja ilizungumzia bomba. Desemba 1972 Trevor Jones aliipeleka mbinu hiyo kusini mwa London, katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Sutton and Cheam, ngome ya Conservative. Graham Tope wa Liberal alishinda. Mwaka 1973 Liberal wakawa chama kikubwa kuliko vyote katika baraza la jiji la Liverpool. Warithi wao, Liberal Democrats, wanaitumia Focus hadi sasa, ingawa michoro yake ya nguzo za kura, ambamo mara nyingi mpinzani mmoja huonekana kuwa mfupi kuliko takwimu zinavyoruhusu, imekuwa kichekesho cha taifa.

Kwa nini karatasi ifanye kazi namna hiyo katika udiwani? Jibu lilikwisha kupatikana Chicago miaka mingi kabla, ila wanasiasa hawakulisoma. Mwaka 1924 mtaalamu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Chicago, Harold Gosnell, alichagua wakazi wapatao 6,000 wa jiji hilo akawagawa katika makundi mawili. Kundi moja lilipelekewa barua na kadi za kuhimiza kujiandikisha na kupiga kura. Jingine halikupelekewa kitu. Barua ziliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wahamiaji zikaandikwa kwa Kipolandi, Kicheki na Kiitaliano. Baadaye aliangalia nani alipiga kura. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1924 tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo sana, kama pointi 1 ya asilimia. Katika uchaguzi wa madiwani wa mwaka 1925 tofauti ilifika takriban pointi 9.

Ukifikiri kidogo hutashangaa. Katika uchaguzi wa rais barua ni sauti moja katika soko lenye makelele. Katika uchaguzi wa diwani huenda ikawa sauti pekee iliyosikika. Nawaomba pia wanafunzi wangu msiyapite haraka yale matangazo ya Kipolandi na Kicheki. Mhamiaji aliyesikia siasa za jiji lake kwa lugha ya watu wengine miaka nenda rudi alifungua bahasha akakuta lugha ya mama yake. Mgombea wa Kampala au Jinja anayewaandikia wakazi wote kwa Kiingereza angefaidika kwa kusoma kazi ya Gosnell.

Mpaka hapa orodha zetu ni za mtaa, na mwenye kuziandika anaishi mtaani humo. Mtu aliyezikata kutoka mtaani ni Richard Viguerie, mzaliwa wa Texas. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi katika jumuiya ya vijana wa mrengo wa kulia, na kazi yake ilikuwa kutafuta michango. Aliona haya kuwaomba watu fedha kwa mdomo. Akaanza kuwaandikia barua, akagundua kuwa barua haina haya.

Mwaka 1964 Barry Goldwater alishindwa vibaya na Lyndon Johnson katika kugombea urais. Wengi waliona ule ni mwisho wa mrengo wake. Viguerie aliona kitu kingine: sheria iliwataka wagombea wawasilishe majina ya waliowachangia, na majina hayo yalihifadhiwa Washington katika ofisi ya karani wa Baraza la Wawakilishi, ambako mwananchi yeyote aliruhusiwa kuyatazama. Alikwenda akaanza kuyanakili kwa mkono yale ya waliotoa dola 50 au zaidi. Kazi ilipomzidi akaajiri wasaidizi. Walipata majina yapatayo 12,500. Kwa mtaji huo alianzisha kampuni yake mwaka 1965, na baadaye majina yakahamishiwa katika tepu za sumaku za kompyuta.

Mtazameni mtu huyo ameketi ofisini siku baada ya siku, akiandika majina ya watu waliofadhili mgombea aliyeshindwa. Kila jina lilikuwa la mtu aliyekwisha kuonyesha kuwa yuko tayari kutoa fedha kwa jambo analoliamini hata kama halina matumaini. Orodha ya washindi isingekuwa na thamani hiyo. Na mwaka 1974 Marekani ilipoweka kikomo cha dola 1,000 kwa mchango wa mtu mmoja katika uchaguzi mmoja, mwenye orodha ya wachangiaji wadogo wengi akawa na nguvu kuliko mwenye rafiki mmoja tajiri.

Barua zenyewe zilikuwa ndefu, wakati mwingine kurasa nne au zaidi, zenye sentensi fupi, zilizotiwa sahihi ya mwanasiasa anayejulikana na kumalizika kwa tanbihi ndogo chini ya sahihi, kwa sababu watu wa kazi hiyo wanaamini kuwa jicho la msomaji hukimbilia hapo. Zilimwogopesha msomaji, zikamkasirisha, kisha zikamwonyesha mahali pa kutia hundi. Mwaka 1977 na 1978 Viguerie alipiga vita kwa barua mikataba ya kuirudishia Panama mfereji wake. Baraza la Seneti liliidhinisha mikataba hiyo kwa kura 68 dhidi ya 32. Alishindwa, lakini kila aliyejibu barua aliingia katika orodha yake. Hapo nadhani ndipo barua ya kampeni ilipogeuka tabia. Liverpool, orodha ilikuwa njia ya kufikia bamba lililovunjika. Kwa Viguerie, mfereji ulikuwa njia ya kufikia orodha. Sisemi kuwa hakuwa mkweli katika imani yake. Nasema hasira ya watu ilipata bei, na kitu chenye bei hutafutiwa namna ya kuzalishwa.

Wanasayansi nao walirudi. Mwaka 1998 Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio kwa wapigakura wapatao 30,000 wa New Haven, jimbo la Connecticut. Waliotembelewa nyumbani na mtu waliongezeka vituoni kwa kiasi kikubwa. Barua iliongeza wachache, karibu nusu ya pointi ya asilimia kwa kila bahasha. Simu za vituo vya biashara hazikufaa kitu. Lincoln asingeshangaa, alikwisha kusema rafiki aende kwanza.

Kisha likaja jaribio la Michigan, ambalo sijui kama nilisifu au nililaani. Kabla ya uchaguzi wa mchujo wa Agosti 2006, Gerber, Green na Christopher Larimer walichukua kaya 180,000. Nyingi, kaya 100,000, hazikupelekewa kitu. Zilizobaki ziligawanywa katika makundi manne, na kila kundi likapata barua yake. Ya kwanza ilikumbusha wajibu wa raia. Ya pili iliongeza kuwa mwenendo wa mpokeaji unachunguzwa kwa ajili ya utafiti. Ya tatu ilichapa rekodi ya nyumba husika: nani alipiga kura katika chaguzi zilizopita, nani hakupiga. Ya nne ilichapa rekodi hiyo pamoja na ya majirani kwa majina, ikaahidi kwamba baada ya uchaguzi itatumwa orodha nyingine iliyosahihishwa ili kila mtu ajue nani amekwenda na nani ameketi nyumbani. Elewa kuwa Marekani jina la mgombea uliyempigia ni siri, lakini kwamba ulipiga kura au hukupiga ni kumbukumbu ya umma.

Katika kundi lisilopata barua walipiga kura asilimia 29.7. Waliokumbushwa wajibu wao, 31.5. Walioambiwa wanachunguzwa, 32.2. Walioonyeshwa rekodi yao, 34.5. Walioanikwa pamoja na majirani, 37.8. Kwa bahasha moja, hilo ni ongezeko la pointi 8, karibu sawa na mtu kubisha hodi mlangoni. Fadhaa nayo ilikuja palepale: wapo waliokasirika na kulalamika kwa uchungu. Mwaka 2016, kampeni ya Ted Cruz ilipotuma Iowa karatasi za namna hiyo zenye maneno ya kumtia mtu hatiani na alama kama za mtihani, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, Paul Pate, alitoa tamko kuwa zinapotosha sheria ya Iowa.

Mnaona tulikorudi? Barua ya nne ya Michigan ni daftari la Illinois la mwaka 1840. Ni mstari wa LC1. Jirani anatazama. Sanduku la siri lilibuniwa ili jirani asitazame, na orodha ilipata mlango wa nyuma.

Kwetu bara hili barua ya kampeni haikuota mizizi, kwa sababu rahisi: tarishi haji nyumbani. Anwani zetu ni S.L.P., sanduku la chuma katika ukuta wa posta, na mara nyingi sanduku hilo ni la shule, kanisa au mwajiri. Simu imeziba pengo. Na simu, tofauti na sanduku la posta, ni ya mtu mmoja. Nchini Uganda laini husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa; mwenye namba yako yuko hatua moja tu kutoka katika jina la babu yako. Mwezi Juni 2021 Wakenya wengi walipotazama tovuti ya serikali walikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Mtu aliyaokota majina na namba zao za vitambulisho mahali fulani, akayahamishia katika orodha nyingine. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Uganda inampa mtu haki ya kumuuliza yeyote anayeshikilia taarifa zake ni taarifa zipi, na ni nani mwingine amezipata.

Kwa hiyo muhula uliopita tulirudi darasani kwenye mada ya barua rasmi, na badala ya barua ya kubuni ya kuomba kazi tuliandika barua ya kweli. Tulimwandikia aliyenitumia ujumbe ule. Tulijadili kwa vipindi viwili kama tumwite Mheshimiwa au Bwana. Tukakubaliana kuwa Mheshimiwa, kwa kuwa alishinda, na maji ya bomba bado hatukuyataja, maana barua rasmi huwa na jambo moja. Jambo letu lilikuwa hili: tunaomba atufahamishe jina na namba ya mwalimu wetu alizipata kwa nani, lini, na kama bado anazo. Rasimu iliyochaguliwa na darasa ni ya yule binti wa dirishani. Imeandikwa kwa mkono, ina aya tatu, haina hata neno moja la hasira, na sikuisahihisha isipokuwa alama mbili za mkato.

Niliipeleka posta mwenyewe, nikabandika stempu. Sanduku la kujibia ni la shule, na kila Ijumaa mwanafunzi mmoja huandamana na karani kwenda kulifungua.